Mashine ya kupimia sukari: ukiwa Mbeya anza na stripu, mashine baadaye

Mwaka juzi nilimnunulia mama mashine ya kupimia sukari, kioo kikubwa, kibegi chake safi, nikajiona mtoto wa maana. Mwezi wa pili stripu, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu, zikaisha. Nikazunguka famasi kuanzia Mwanjelwa, Kabwe, Soweto mpaka Uyole, kila nikiitoa dada wa dukani anaigeuzageuza afu ananiambia "za hii hatuna kaka". Mpaka leo iko kabatini, na betri bado nzima kabisa.

Yaani mashine unanunua mara moja ila stripu hazikomi, na stripu za aina moja haziingii kwenye mashine ya aina nyingine. Mtu anayepima mara mbili kwa siku, kikopo cha 50 kinampeleka siku 25 tu. Kwa hiyo usiulize mashine bei gani, uliza stripu moja inaangukia shilingi ngapi na kama maduka mawili ya karibu na kwenu wanazo.

Nyingi zinavyofanya kazi ni hivi, kwenye ncha ya stripu kuna kimeng'enya, damu ikigusa pale kinashikana na sukari na kutoa umeme kidogo sana, mashine inaupima na kukupa namba. Hicho kimeng'enya kinaharibiwa na unyevu, ndo maana kikopo kinatakiwa kifungwe muda wote, sio unaziacha mezani kama njiti za kiberiti.

Kwangu namba moja ni Contour Plus. Haitaki kuingizwa kodi (namba ya kuilinganisha mashine na stripu zake), inataka tone dogo, majibu sekunde 5, na damu ikiwa haijatosha unaongezea kwenye stripu ileile ndani ya sekunde 30. Kwa mzee ambaye mikono inatetemeka hiyo ni hela imeokolewa, maana stripu ikiharibika ndo imeenda.

Ya pili On Call Plus. Inachukua sekunde 10, na ina kichipu cha kodi kinachokuja na stripu, ukifungua boksi jipya unabadilisha na kichipu, uhakikishe namba ya kwenye kioo inafanana na ya kwenye kikopo. Mama alishawahi kusahau wiki nzima. Ila kama mtaani kwenu stripu za hii ndo zipo na za Contour hakuna, basi hii inapanda namba moja bila ubishi.

Accu-Chek Active naiweka ya tatu, yenyewe inasoma kwa mwanga, inaangalia rangi ya stripu ilivyobadilika. Nzuri, ila inataka tone kubwa kidogo na asubuhi ya mwezi wa saba vidole vimeganda, damu haitoki kirahisi.

Sensa ya kubandika mkononi kama FreeStyle Libre ni raha, hutoboi kidole, unasoma kwa simu, lakini ya siku 14 ikiisha unanunua nyingine, na inapima majimaji ya chini ya ngozi kwa hiyo inachelewa dakika kadhaa nyuma ya damu. Wenye hela wajaribu. Saa na pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa popote, achana nazo, hata FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo februari 2024.

Baridi nayo. Tulikuwa msibani Makambako, saa 12 asubuhi mashine ikagoma, ikaleta alama ya joto, mpaka tulipokaa nayo jikoni karibu na moto (sio juu ya moto jamani) ikakubali. Kila mashine ina kiwango chake cha chini cha joto, soma kwenye karatasi yake.

Na kunawa mikono sio mapambo. Siku moja mama katoka kumenya ndizi mbivu za Tukuyu akapima, 14.2, nyumba nzima presha juu. Kanawa kwa sabuni, kakausha, 7.8. Hata hivyo usitegemee mashine ikupe namba sawasawa na ya maabara, kwa kipimo cha kimataifa damu yenyewe ikiwa 10 mashine inaweza kusema kuanzia 8.5 mpaka 11.5.

Ukiletewa na ndugu toka Marekani ikasoma 126 usikimbilie hospitali, wao wanatumia kipimo cha mg/dL, sisi mmol/L, gawa kwa 18 unapata 7 yetu. Afu boksi lifungulie pale kaunta, angalia tarehe ya stripu, wengine wanauza zilizobakiza mwezi mmoja.