Sakafu ya arena ya shule: mbao za kudumu au za kupachika?

Arena za wilaya za shule Texas, kama Merrell Center ya Katy, hupokea mpira wa kikapu na mahafali pia. Sakafu ipi ifae?

Mbao za kudumu hazihitaji kazi kabla ya mechi. Kwa mahafali lazima zifunikwe, na zifagiliwe kwanza: mchanga ukibaki chini ya zulia hukwaruza vanishi.

Za kupachika, yaani paneli za mbao zinazounganishwa kwa mechi na kuondolewa baadaye, ni sumbufu zaidi. Uwanja wa futi 94 kwa 50 hula paneli kama 147 za futi 4 kwa 8, bila kingo za nje. Kila paneli ina namba. Ikikosea nafasi, mistari haikutani. Unyevu wa hewa ya stoo ukitoka nje ya kiwango cha asilimia 35 hadi 50, mbao huvimba au husinyaa, na paneli hazishikani vizuri.

Forklifti (gari la kunyanyua mizigo) ikiingia mara kwa mara, chagua za kupachika, kwani huondolewa kabla haijapita.