Feni za umeme kwenye Canter: Kimara safi, Kitonga hapana

Kwa miezi minane Canter yangu yenye injini ya 4D33 ilitembea na feni za umeme za kupoza rejeta. Kama kazi yako ni mizunguko ya mjini, sina neno la kukuzuia. Wa milimani nisomeni mpaka mwisho.

Feni ya belti sikuitoa kwa ujanja. Kilachi yake, ile inayoishikisha na mzunguko wa injini, ilianza kuvuja yale mafuta mazito ya ndani, feni ikawa inazunguka kivivu, na foleni ya Kimara ikawa mateso: gari limesimama, mshale wa joto unapanda. Bei ya kilachi mpya ilinikata maini. Nikashuka Gerezani, nikapata feni mbili zilizotoka kwenye AC ya basi, inchi 12, volti 24.

Hiyo volti 24 naisisitiza, maana Canter yangu inatumia betri mbili za volti 12 zilizounganishwa. Fundi wa kwanza alitaka kunifungia za gari dogo, volti 12. "Bosi, moto tunauchukua kwenye betri moja tu, mbona wote wanafanya hivyo." Nikakataa. Alteneta inazichaji betri zote mbili kana kwamba zimetumika sawa, kwa hiyo ile unayoinyonya inabaki na njaa na mwenzake inachajiwa kupita kiasi. Rafiki yangu ameua betri mbili hivyo hivyo, na mpaka leo anamlaumu aliyemuuzia.

Fundi wa pili alichonga bati likafunika rejeta nzima, akalikata matundu mawili ya feni. Wengine huzibana kwa vikamba vya plastiki vinavyopenya kwenye rejeta. Barabara ikitikisa, vinasugua mpaka inavuja. Kila feni ilipata rilei (swichi ya kubeba umeme mkubwa) na fyuzi yake, pamoja na swichi ya joto inayowasha kwenye nyuzi 90. Nikaomba na swichi ya mkono, ambayo mvua ilipojaza Jangwani niliishukuru: nazima kabla ya kuingia majini, mapanga hayapigi maji.

Mjini raha tupu. Mngurumo umekwisha, redio naisikia. Dizeli? Niliahidiwa nitaokoa sana, mimi sijaona.

Mlima Kitonga, njia ya Iringa, ndipo tulipojuana. Saruji tani tatu, saa nane mchana, tumeshaipita Mahenge, gia ya pili, injini inalia na gari linakwenda mwendo wa mtu mwenye haraka. Feni zote mbili zinazunguka, mshale unazidi kupanda. Hapo feni ya belti ina akili yake: injini ikikazana, nayo inakazana. Zangu zinakula ampea 20 kwa pamoja, kama wati 500, basi, hazina cha kuongeza. Nilisimama mara mbili, na katikati nikaendesha huku hita ya kabini nimeifungua mpaka mwisho ili ivute joto la injini, jasho chapa chapa. Usiku wa kurudi, alteneta yangu ya ampea 40 ikawa inalea feni, taa kubwa na waipa. Nikisimama tu, taa zinafifia.

Mwezi uliopita nimejikaza nikanunua kilachi mpya, feni ya belti imerudi. Bati na feni za basi ziko stoo, na jamaa wa Mbagala anayesambaza maji ya chupa madukani ameshakuja kuzipima mara mbili.