Kikagua tahajia cha Kiswahili: uzoefu wangu wa uhariri na maboresho ninayoyapendekeza

Kazi yangu ni kuhariri hati ndefu za Kiswahili, hasa ripoti, tasnifu na miongozo ya mafunzo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo huifanya ndani ya programu ya kuandikia ambayo kikagua tahajia chake kimejengwa juu ya Hunspell, injini iliyoundwa awali na László Németh kwa ajili ya Kihungaria na ambayo leo hutumiwa pia na LibreOffice, ambayo ni programu huria ya kazi za ofisi, na vivinjari vya Firefox na Chrome. Nimeishi na chombo hiki kwa muda mrefu wa kutosha kukipenda na kukichoka kwa wakati mmoja. Wengi wanaokilalamikia husema kwamba kamusi yake haina maneno ya kutosha, nami sikubaliani nao. Tatizo lake ni kwamba hulitazama neno kama herufi zilizo kati ya nafasi mbili, ilhali neno la Kiswahili, hasa kitenzi, hujengwa upya kila mara linapotumika.

Kwanza nitoe haki inapostahili. Kwa nomino na vivumishi kikagua hiki ni msaada wa kweli. Herufi mbili zikibadilishana nafasi, herufi moja ikisahaulika au kidole kikigusa kitufe cha jirani, mstari mwekundu hutokea papo hapo na neno sahihi mara nyingi huwa la kwanza katika orodha ya mapendekezo. Hilo si jambo la kubahatisha: tangu mwaka 1964 mtafiti wa kompyuta Frederick Damerau alipoonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya makosa aliyoyachunguza yalitokana na herufi moja kuzidi, kupungua au kubadilishwa, au herufi mbili jirani kupishana, vikagua vingi vimejengwa juu ya wazo hilo. Aidha, ukaguzi hufanyika ndani ya kompyuta yangu bila intaneti, jambo ninalolithamini sana kwa kuwa hati ninazohariri nyingine ni za siri.

Hali hubadilika tunapofika kwenye vitenzi. Katika aya ya kawaida ya ripoti nitakuta mstari mwekundu chini ya «watakaoyashughulikia», «hayakuzingatiwa», «wasipomwelewa» na «yaliyokwishaandikwa», ambayo yote ni sahihi. Sababu inaeleweka. Hunspell hutumia faili mbili, moja ya maneno na nyingine ya kanuni za viambishi, na katika hali yake ya kawaida huweza kuondoa kiambishi awali kimoja na viambishi tamati viwili. Mpangilio huo unaweza kugeuzwa ili viondolewe viambishi awali viwili, lakini hapo hubaki kiambishi tamati kimoja tu. Kitenzi cha Kiswahili hakiingii katika kipimo hicho, kwa kuwa mbele ya mzizi kinaweza kubeba kiambishi cha nafsi au ngeli, cha njeo, cha urejeshi na cha yambwa, kisha nyuma yake zikafuata kauli za kutendea, kutendwa au kutendeana. Mtunzi wa kamusi hulazimika kuunganisha viambishi hivyo na kuviorodhesha kana kwamba kila mchanganyiko ni kiambishi kimoja, na michanganyiko hiyo hupita elfu moja kwa urahisi hata kabla ya kugusa ukanushi. Lolote lililoachwa nje ya orodha huhesabiwa kuwa kosa.

Gharama yake kwa mhariri ni kubwa kuliko usumbufu wa macho. Ukurasa ukijaa mistari mekundu isiyo na maana, jicho hujifunza kuipuuza, na kosa la kweli lililo katikati yake hupita. Kwa maoni yangu, kikagua kinachonyamaza mbele ya neno kisicho na uhakika nalo ni bora kuliko kinachopiga kelele kila mahali. Pendekezo langu la kwanza, kwa hiyo, ni kwamba watengenezaji wasiishie kurefusha orodha ya maneno, bali wakipe Kiswahili kichanganuzi cha mofolojia, yaani cha muundo wa ndani wa maneno, kinachofuata mpangilio wa viambishi hatua kwa hatua, na kitenzi kikubaliwe pale mzizi wake unapojulikana na viambishi vyake vimekaa katika nafasi zake halali. Pale ambapo muundo ni halali lakini mzizi haujulikani, mstari uwe wa rangi nyingine iliyofifia, ili nijue kwamba programu inauliza tu, haikosoi.

Hilo linaniongoza kwenye kamusi ya mtumiaji. Nikiongeza «wamedahiliwa» leo, kesho «watadahiliwa» itapigiwa mstari, na keshokutwa «hawajadahiliwa», kwa sababu kilichohifadhiwa ni umbo moja tu na si kitenzi «dahili». Katika toleo la 6.0 la mwaka 2018, LibreOffice ilianzisha njia ya kuongeza neno jipya pamoja na neno la mfano ambalo neno hilo linafuata katika kupokea viambishi. Ni wazo zuri sana, na ningependa liwe ndiyo njia ya kawaida badala ya kufichwa ndani ya mipangilio: nibofye neno, programu inionyeshe mzizi inaoudhania, iniulize kama linanyambulika kama «andika» au kama «jibu», kisha isinisumbue tena kwa umbo lolote la kitenzi hicho.

Kuna kundi la makosa ambalo kikagua hakilioni kabisa, nalo ndilo linalonichukulia muda mwingi zaidi: nafasi zisizo mahali pake. Waandishi wengi huandika «ana soma», «wali fika», «ninacho kisema» na «iliyo kuwa». Chukua «ana soma». «Ana» ni neno halali, na «soma» ni neno halali, hivyo programu huridhika. «Wali» nalo ni neno linalojulikana, likafuatiwa na «fika», na hakuna mstari unaotokea. Kwa upande mwingine wapo wanaounganisha kisichounganika, kama vile «kwasababu», «kwaajili» na «kwahiyo». Hapa mstari hutokea, lakini pendekezo la kutenganisha huja chini kabisa ya orodha au halipo. Kanuni ya kukamata kosa la aina ya kwanza haihitaji teknolojia ngumu: kipande kinachofanana na kiambishi cha nafsi na njeo kikifuatwa na shina la kitenzi, programu iyajaribu maneno hayo mawili yakiwa yameunganishwa, na kama yanaunda kitenzi halali, iulize. Nimehariri kazi za watu wenye elimu ya juu kabisa zikiwa zimejaa kosa hili, nami nasikitika kwamba chombo kinachotumiwa kila siku hakijawahi kuwaambia.

Mapendekezo ya marekebisho nayo yanapaswa kujengwa juu ya sauti za Kiswahili, si juu ya hesabu ya herufi pekee. Mtu anayeandika «zarura» akikusudia «dharura» amekosea sauti moja tu, z badala ya dh, lakini kwa hesabu ya herufi yuko hatua mbili mbali na neno sahihi, na akiandika «zalula» anakuwa hatua nne mbali. Mkanganyiko wa r na l, dh na z, th na s, gh na g, pamoja na h inayodondoshwa au kuongezwa mwanzoni mwa neno, unajulikana kwa kila mwalimu wa lugha. Faili ya kanuni ya Hunspell ina nafasi ya kuorodhesha jozi za herufi zinazobadilishana kimazoea, na kamusi ya Kiswahili ingefaidika sana iwapo jozi hizi zingeorodheshwa kwa ukamilifu na kupewa uzito wa kwanza. Kwa maneno kama «dhana» na «zana», «kalamu» na «karamu», au «mahali» na «mahari», ambapo kila umbo ni neno halali, ningeomba alama ya hiari ambayo mhariri anaweza kuiwasha anapofanya usomaji wa mwisho. «Dhana za kilimo» zimenipita machoni mwa programu hii mara nyingi pale mwandishi alipokusudia majembe na plau.

Wapo wanaotaka ukaguzi wa upatanisho wa kisarufi, nami nautaka pia, ila kwa tahadhari. «Vitabu hizi» na «kitabu yangu» ni makosa yanayoweza kukamatwa kwa kutazama maneno mawili yaliyo jirani. Lakini kanuni inayofuata umbo la nomino pekee itakosoa «kifaru yule», ambayo ni sahihi kwa kuwa viumbe hai hufuata upatanisho wa a-wa, kisha itakanganyikiwa na «rafiki yangu» na «rafiki zangu» dhidi ya «rafiki huyu» na «rafiki hawa». Bila orodha makini ya nomino za viumbe hai na za udugu, nafuu ukaguzi huo usiwepo.

Mambo madogo yanaweza kurekebishwa upesi. Alama ya ritifaa katika «ng'ombe» na «ng'oa» ihesabiwe kuwa sehemu ya herufi, iwe imenyooka au imepinda, ili neno lisivunjwe vipande viwili. Herufi kubwa isiwekwe yenyewe baada ya «k.m.» na «n.k.». Onyo la neno lililorudiwa liache «mmoja mmoja» na «wawili wawili». Na hati inayotumia «mswada» ukurasa mmoja na «muswada» mwingine ipewe taarifa ya kutolingana, bila programu kuamua lipi ni bora.

Kwa yeyote anayetumia kikagua hiki sasa hivi, ushauri wangu wa kivitendo ni kuhakikisha kwanza kwamba lugha ya hati imewekwa kuwa Kiswahili na aya za nukuu za kigeni zimewekewa lugha yake, kwa kuwa nusu ya malalamiko ninayoyasikia hutokana na hati ya Kiswahili inayokaguliwa kwa kamusi ya Kiingereza. Pia ihifadhi kamusi yako ya mtumiaji kando, uipitie kila baada ya mradi na kuondoa maneno yaliyoongezwa kwa haraka, maana umbo lenye kosa likishaingia humo halitapigiwa mstari tena katika hati yoyote.