Holoholokai, Hawaii: ufuo wa mawe na michoro ya Puako

Anayekuja Holoholokai kuogelea atanung'unika. Anayekuja na viatu vya maana ataondoka ameridhika. Ufuo huu uko pwani ya Kohala, kwenye kile kisiwa kikubwa cha Hawaii. Nyota zangu nne kati ya tano ni za njia inayoanzia kwenye maegesho hadi michoro ya Puako: zaidi ya michoro 3,000 iliyochongwa na Wahawaii wa kale juu ya lava iliyoganda.

Kutoka uwanja wa ndege wa Kona, shika barabara namba 19 kuelekea kaskazini, kilomita 30 na ushee. Kata kushoto Mauna Lani Drive, kwenye kipilefti shika kulia North Kaniku Drive, kisha fuata vibao mpaka lami iishe. Kiingilio hakuna.

Njia inaitwa Malama: kilomita moja na kidogo, kwenda tu. Inapita chini ya miti ya kiawe, ndugu wa mathenge, ule mti wa miiba wanaoulalamikia watu wa Baringo, Kenya, na tabia ni ileile. Miiba imelala vumbini, na kandambili haiizuii hata kidogo. Vaa soli nene, na ukaguekague njiani, kwa kuwa mwiba ulionasa huzidi kuzama kila unapokanyaga. Mizizi na mawe vinakwaza. Kigari cha mtoto hakipiti. Duka hakuna, kwa hiyo kila mtu abebe angalau lita moja ya maji.

Karibu na mwanzo kuna mawe ya mfano, yamewekwa makusudi ili watu watandaze karatasi na kusugua kupata chapa. Malizia hamu yako hapo, lakini usidhani ndiyo yenyewe ukageuza. Endelea hadi kwenye mwamba ulio wazi: watu wa vijiti wamepangana, wengine wamepandiana, mikono imetanda.

Kinachoharibu ziara za wengi ni saa. Michongo haina kina kirefu na rangi yake ni ya jiwe lenyewe. Jua la utosi likifuta vivuli, unaona mwamba mtupu. Fika asubuhi mapema au jua likishaanza kuinama. Usikanyage, usisugue, usitie chaki: kingo zinalika.

Ufukweni ni vipande vyeupe vya matumbawe juu ya lava nyeusi, na pekupeku hapatembeleki. Maji yakipwa, vidimbwi vinapendeza kuchungulia. Kasa akijitokeza, kaa mita 3 mbali naye. Kuogelea nenda ufuo wa Hapuna, ni karibu kwa gari. Vyoo, bomba la kuogea, meza na majiko ya mkaa vipo, hivyo chakula cha mchana kinafaa. Matumbawe yaache, sheria ya Hawaii inakataza kuyachukua, hata yaliyokufa.

Geti hufungwa jioni. Soma saa kwenye kibao unapoingia, na ukichelewa kufika, anza na michoro.