Kibali cha maegesho cha wakazi: uzoefu wangu, na shida ya wageni

Kwa yeyote anayefikiria kuomba kibali cha maegesho cha wakazi, jambo la kwanza kulijua ni kwamba hupewi nafasi yako mbele ya nyumba. Unaruhusiwa kupaki ndani ya eneo lenu, popote utakapokuta pako wazi. Majirani zangu kadhaa walikasirika sana walipogundua hivyo, maana walidhani wamenunua kipande cha barabara. Mimi nimekuwa nacho tangu mpango ulipoanza na kwa sehemu kubwa nimeridhika. Ila kuna mahali kinawaumiza watu wasiostahili kuumizwa, na hapo nitakaa kidogo.

Tunaishi kwenye kiunga cha mji, karibu na kituo cha treni. Wanaoishi maeneo kama haya wanajua maana yake. Kabla ya vibali, asubuhi na mapema magari ya wasafiri waliokwepa kulipia maegesho ya kituo yalikuwa yameshajaza pande zote mbili za mtaa. Mengine yalipanda kwa tairi mbili juu ya njia ya waenda kwa miguu, na mzazi mwenye kigari cha mtoto alilazimika kushuka barabarani. Jirani yangu ni muuguzi wa zamu za usiku. Alikuwa akirudi amechoka, anauzunguka mtaa huku macho yanafumba, mwisho anaacha gari mtaa wa pili na kutembea. Mpango ulipoanza aliniita dirishani akicheka: “Jirani, leo nimepaki naliona geti langu!” Kwa mtu kama yeye, huduma hii imejilipa.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Stika ya kioo cha mbele haipo tena. Unasajili namba za gari kwenye programu ya simu, unaambatisha uthibitisho wa makazi, basi. Mkaguzi hupita na gari lenye kamera zinazosoma namba.

Tatizo ni wageni. Kila nyumba ina saa zake za wageni, na lazima uingize namba za gari la mgeni kwenye simu kabla mkaguzi hajapita. Kwa kijana mwenye simu nzuri hilo ni jambo la dakika moja. Lakini mtaani kwetu kuna wazee wanaoishi peke yao, na hao ndio wenye wageni wengi kuliko sote: mtu wa kuwaogesha, mtu wa kuwaletea dawa, fundi wa bomba, binti anayekuja kulala mama akiumwa. Mzee wa nyumba ya pembeni hugonga kwangu akiwa na karatasi mkononi: “Mwanangu, hebu niingizie hizi namba, fundi yuko mlangoni na anaogopa faini.” Namwingizia kwa moyo wote. Lakini siku nikiwa kazini, anagonga kwa nani?

Siku moja binti yake alipigwa faini japo namba zilikuwa zimeingizwa. Mzee alikuwa ameomba msaada kwa jirani mwingine, na herufi O ikasomeka kama sifuri. Programu ilizipokea namba zile bila kuuliza chochote, ingawa hakuna gari lenye namba hizo. Rufaa ilikubaliwa mwishoni, ila mzee alikuwa ameshapoteza usingizi kwa barua zilizoandikwa kwa lugha ya vitisho. Nasema bila kuficha: mfumo unaomtoza faini mtu aliyetimiza wajibu wake una kasoro, na kasoro hiyo inarekebishika. Zamani kulikuwa na kadi za wageni za karatasi. Unakwangua tarehe, unaiweka juu ya dashibodi, kazi imekwisha. Zirudishwe kwa wanaozihitaji.

Jambo la pili ni mistari. Kwetu wamechora kila nafasi peke yake, ndefu ya kutosha gari kubwa. Gari dogo likiingia linabakiza pengo mbele na pengo nyuma, na mapengo hayo hayamfai mtu. Mtaa wa jirani wamechora mwanzo na mwisho tu, madereva wanajipanga wenyewe, na nikiangalia kwa macho yangu magari yanayoenea kule ni mengi zaidi.

Kwa upande mwingine, naunga mkono kabisa katazo la kupaki kwenye kona, ambalo watu wamelilalamikia kuliko yote. Chukua barabara yenye upana wa mita 7. Magari mawili yakipaki sambamba, moja kila upande wa barabara, yanakula karibu mita 4, zinabaki 3. Lori la zimamoto lina upana wa takriban mita 2.5, vioo vya pembeni bado. Kwenye njia iliyonyooka litapenya kwa shida. Kwenye kona yenye gari lililochomoza halikati, na nyumba inaendelea kuungua.

Kitu ambacho huduma hii haigusi kabisa ni mabanda ya magari. Nyumba nyingi mtaani zina banda, na mabanda mengi yamejaa maboksi, magodoro na baiskeli zisizo na minyororo. Gari liko nje, na kibali cha pili kinaombwa. Japani walilishughulikia hili mapema: kwa sheria ya mwaka 1962, mwenye gari sharti athibitishe kwamba ana mahali pa kuliweka, na mahali hapo pasizidi kilomita 2 kutoka anapoishi. Sidai tufike huko. Naona tu ni haki mwenye banda asipewe kibali cha pili sawa na asiye na banda. Donald Shoup, profesa wa Los Angeles aliyefariki mwaka 2025, alitumia miaka mingi kueleza kwamba nafasi ya barabarani inayotolewa bure au kwa bei ya kutupa itajaa daima. Shabaha aliyoipendekeza ni nafasi moja au mbili zibaki wazi kila kipande cha mtaa, ili anayefika apate pa kuingia. Mtaani kwetu mchana tunaifikia shabaha hiyo. Usiku, si kwenye kila kipande.

Ndiyo maana, kabla hujaomba, toka nje saa nne usiku na uuzunguke mtaa wenu kwa miguu. Saa hizo wageni wa kituo cha treni wameshaondoka, waliobaki ni ninyi wenyewe. Ukikuta mapengo, basi shida yenu ni magari ya watu wa nje, na kibali kitawafaa. Ukikuta pamejaa kona hadi kona, magari ni yenu, na hakuna kibali kitakachoongeza nafasi hata moja. Mimi nilikuta mapengo. Nimeomba tena kibali cha mwaka ujao, na pamoja na maombi nimeambatisha barua kuhusu kadi za wageni, yenye sahihi za wazee wa mtaa mzima.