Usiku mmoja Kusatsu, na hina iliyotupatia bafu letu wenyewe

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza nililoulizwa niliporudi Mombasa. Yeni 24,000 kwa kila mtu, usiku mmoja, siku ya Jumanne mwezi wa Novemba. Kwa pesa zetu ni shilingi elfu ishirini na ushei. Hizi nyumba za wageni za jadi za Japani, ryokan wanaziita, hutoza kwa kichwa, si kwa chumba, lakini chakula cha jioni na cha asubuhi kimo humo humo. Juu yake kuna kodi ya kuoga. Naam, kodi ya kuoga, yeni 150 kwa mtu, tena inaandikwa kwenye mstari wake peke yake katika risiti.

Kusatsu ni mji mdogo wa milimani katika mkoa wa Gunma, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Mdogo wangu anasoma Saitama, na yeye ndiye aliyenipeleka. Kutoka stesheni ya Ueno, Tokyo, ni treni ya saa mbili na nusu hivi hadi Naganohara-Kusatsuguchi, halafu basi la dakika 25 linalopanda kona baada ya kona. Ukishuka tu unapokewa na harufu ya mayai viza. Ni salfa, na baada ya nusu saa pua inaizoea. Katikati ya mji mna yubatake, yaani shamba la maji moto: mifereji ya mbao iliyopangwa sambamba, maji yanapita humo yakifuka mvuke mchana na usiku. Yakitoka ardhini yana joto la zaidi ya digrii 50, na wenyewe hawapendi kuyachanganya na ya baridi yasije yakapungua nguvu, kwa hiyo huyaacha yapoe njiani. Njia nyingine ya tangu zamani, ambayo leo huonyeshwa watalii, ni watu kujipanga ukingoni na kuyakoroga kwa mbao ndefu huku wakiimba, kama vile sisi tunavyotwanga kwa nyimbo.

Jina la nyumba tuliyolala nalihifadhi. Ni ya mbao, ya ghorofa mbili, haina lifti, na ngazi zake ni za kupandia ubavu ubavu.

Viatu vinavuliwa mlangoni, na hapo mtu wa pwani hana la kufundishwa. Kazi iko kwenye ndara. Kuna ndara za ukumbini, unazivua ukiingia chumbani kwenye mikeka ya tatami, na kuna ndara za chooni ambazo hazitoki chooni. Mimi nilitoka nazo. Mama anayetuhudumia alinifuata mbio ukumbini, mkono mdomoni, anacheka na kuomba radhi kwa pamoja. Baada ya dakika kumi akanikamata tena, safari hii kwa yukata, lile vazi la pamba la kushindia humo ndani. Nilikuwa nimekunja upande wa kulia juu ya wa kushoto. Hivyo huvishwa maiti. Akanifungua na kunifunga upya bila kuuliza, kama shangazi anavyomvika bwana arusi kanzu.

Sasa hina. Wiki mbili kabla ya safari tulikuwa na arusi ya binamu yetu, na mikono yangu ilikuwa bado imechorwa hina na piko hadi karibu na viwiko. Kwenye mlango wa bafu kubwa la wanawake palibandikwa picha ya mtu mwenye tatuu, imekatwa kwa mstari mwekundu. Kule tatuu hukumbusha watu magenge ya wahalifu, yakuza, na nyumba nyingi za maji moto hazimruhusu mwenye nayo kuingia kwenye bafu la pamoja. Mama mwenye nyumba aliitwa. Mdogo wangu akajieleza kwa Kijapani: ni majani ya mti, yanasagwa, yatafutika yenyewe, si sindano. Mama akainama, akatazama, akaita mwenzake, wakatazama wote wawili. Nilijihisi kama samaki mnadani.

Uamuzi ukawa huu: tupewe ufunguo wa bafu dogo la faragha, ambalo kwa kawaida hukodishwa yeni 2,500 kwa dakika 50, na tulitumie bure wakati wowote likiwa tupu. Mdogo wangu aliinama kwa masikitiko kama inavyotakiwa. Mimi moyoni nilikuwa nashangilia. Kwa siku tatu nzima nilikuwa nawaza nitavuaje nguo zote mbele ya wanawake nisiowajua, maana bafu la pamoja haliingiwi na nguo wala taulo la kujifunga. Kwa hiyo ushauri wangu kwa wenzangu wenye haya kama mimi: wakati wa kuweka nafasi ulizeni kama kuna bafu la faragha, wanaliita kashikiri. Msitegemee hina.

Bafu lenyewe ni sanduku la mbao lililojaa pomoni, upande mmoja dirisha wazi linalotazama msitu. Kwanza unakaa kwenye kigoda, unajisugua kwa sabuni na kujimwagia maji hadi uwe msafi kabisa. Ndipo unaingia, kuloweka tu. Nilijua yatakuwa moto. Sikujua yatakuwa makali. Nilikuwa nimejikata kidole jana yake nikimenya viazi, na kidonda kilipogusa maji niliruka kana kwamba nimekamuliwa ndimu. Na kweli maji haya uchachu wake unakaribia wa ndimu. Msumari wa chuma ukiachwa ndani yake unaliwa hadi unabaki kama sindano. Mto unaopokea maji ya mji huu humwagiwa chokaa tangu 1964 ili kuua hiyo asidi, la sivyo saruji ya madaraja ingeliwa. Na humo ndimo nilimojitumbukiza hadi shingoni, nikalipa.

Dakika ya tatu nilitaka kutoka. Ya tano sikutaka tena. Mabega yaliyokaza tangu kwenye ndege yalilegea moja baada ya jingine, baridi inapiga uso, mwili uko motoni. "Dada, kumi zimetosha," mdogo wangu akasema, na alikuwa na haki, maana niliposimama kichwa kilizunguka.

Hapo ndipo nilipoiona pete. Pete ya fedha ya marehemu bibi, nimeivaa miaka kumi na minne, ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria ya kuni. Tangazo la kuvua vito lilikuwepo ukutani, kwa Kijapani pekee, na mdogo wangu hakuliona kwa mvuke. Katika nyota ninazoipa nyumba hii, moja nimeikata hapo. Kama wana mchoro wa kukataza tatuu, wa pete unawashindaje?

Chakula kililetwa chumbani saa kumi na mbili jioni, vijisahani zaidi ya kumi. Tulikuwa tumeandika mapema kwamba hatuli nguruwe wala hatutumii pombe. Nguruwe hakuwepo, lakini mdogo wangu alipouliza kimoja kimoja, yule mama alinyoosha kidole bila kuficha: hiki, hiki na kile vimetiwa mvinyo wa mchele. Kwao hicho ni kiungo tu, si pombe. Vikaondolewa, tukaongezewa samaki. Nawashukuru kwa huyo samaki: iwana, wa mito ya milimani, amechomekwa kijiti huku amepindwa kama anaogelea, chumvi imegandia mapezi, amechomwa hadi kichwa kinatafunika. Konnyaku, chakula kama jeli kinachotengenezwa kwa kiazi, fahari ya Gunma, ni kama mpira uliolowekwa, sitaulizia tena. Wali huja mwishoni kabisa, wakati sisi ndio tunaanzia hapo.

Godoro linatandikwa chini na ni jembamba. Mgongo wangu wa miaka arobaini na sita ulilalamika, na mkoromo wa jirani ulipita ukutani kana kwamba tunalala chumba kimoja. Lakini kuswali alfajiri juu ya tatami, safi, inanukia majani makavu, dirishani theluji ya kwanza inadondoka, hilo sikulitarajia. Mwenye magoti mabovu asije: kila kitu ni cha chini, kula, kulala, hata kigoda cha kuogea.

Saa nne asubuhi ndiyo mwisho wa kukaa. Tulipokuwa tunavaa viatu mama mwenye nyumba alitoka, akaomba mkono wangu, akaugeuza taratibu akifuata maua ya hina kwa kidole hadi kwenye kifundo. Akauliza, mdogo wangu akatafsiri: huo mti unaota kwenye baridi? Nikamwambia hapana, unataka jua. Akatazama nje kwenye theluji, akasema basi.