Mbegu ya viazi "isiyoguswa na viwavi": misimu miwili shambani kwangu

"Hii viwavi hawaigusi kabisa," ndivyo muuzaji alivyoniambia. Nikapanda matuta sita ya King Harry, na pembeni yake matuta sita ya mbegu yangu ya siku zote, ya majani laini.

King Harry ilitoka Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Vinyweleo vya majani yake vimerithiwa kutoka kwa kiazi mwitu cha Bolivia, Solanum berthaultii. Ukishika jani, vidole vinanata. Vinyweleo hivyo hutoa utomvu, na mdudu mdogo akitua ananasa kama ndege kwenye ulimbo. Kila nilipogeuza majani asubuhi nilikuta wadudu wamekaukia palepale, wakiwemo viwavi wachanga waliototolewa juzi tu. Hapo naisifu bila kusita.

Kiwavi aliyenenepa ni habari nyingine. Huyo hajali gundi, anatafuna tu. Sota, yule kiwavi mkata miche, ndiyo usiseme: anakata shina usiku usawa wa udongo, sasa vinyweleo vya majani vitamfanya nini? Na nondo wa viazi, mbali na viwavi wake kutoboa majani, huvifikia viazi vyenyewe kupitia nyufa za tuta. Dawa yake ni kupandishia udongo mapema, hata ukiwa umepanda mbegu gani.

Kilichonishangaza ni ile mbegu yangu laini. Msimu wa kwanza ililiwa kabla ya maua ikabaki kama chujio, lakini ikachipua upya na mavuno yakawa ya kuridhisha. Msimu wa pili viwavi walikuja viazi vikiwa vinajaa, nikachimba vigololi. Wakati wa kuliwa ulikuwa na uzito kuliko wingi wa majani yaliyoliwa, jambo ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kunieleza.

Kwa hiyo King Harry haijaniondolea kazi ya kukagua. Nikiona viwavi wadogo wengi bado napulizia dawa ya bakteria, Bacillus thuringiensis, jioni, maana jua huiua nguvu haraka. Tena lazima waile. Ikikosa kufika upande wa chini wa majani, umepoteza maji.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Msimu ujao naongeza matuta mawili.